Klipu za Mshipi, Kutoka Marikiti hadi Masinga

Katika uvuvi wa kurambaza kwenye maziwa makubwa, kifaa kinachoamua kama utampata samaki ni kidogo kuliko kidole gumba, nacho ndicho watu hununua mwisho kwa chenji iliyobaki. Fimbo huchaguliwa kwa makini, rili hujadiliwa na marafiki hadi usiku, chambo bandia hupangwa kwenye sanduku kwa rangi. Klipu inayoushika mshipi kule chini na kuuachia samaki anapouma hutupwa mfukoni bila hata kujaribiwa. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu nilipoanza kupanga safari ya Mfangano, kwenye Ziwa Viktoria, kumtafuta mbuta. Kabla ya kwenda mbali kiasi hicho niliamua kuzijaribu klipu karibu na nyumbani, na kwa mkazi wa Machakos maji makubwa ya karibu ni bwawa la Masinga.

Kurambaza ni kuvua huku chombo kikienda polepole, chambo kikifuata nyuma. Wavuvi wa Watamu, Malindi na Shimoni hurambaza juu ya bahari wakitafuta nguru, jodari na sulisuli. Ziwani samaki unayemtaka huenda yuko mita 15 au 20 chini, na mshipi unaovutwa na boti hupanda juu. Ukifunga risasi nzito kwenye mshipi wenyewe, chambo kitafika, lakini samaki akinasa utakuwa unamvuta yeye pamoja na risasi, na hutajua lipi ni lipi. Daunriga ilibuniwa kwa ajili hiyo. Ni gurudumu dogo lenye waya wa chuma, hufungwa ubavuni mwa boti, na mwishoni mwa waya huning'inizwa uzito wa kilo 4 au 5. Mshipi wa kuvulia haufungwi kwenye uzito. Hubanwa tu na klipu iliyo karibu nao, chambo kikiwa mita kadhaa nyuma. Uzito ukishuka, mshipi hushuka nao. Samaki akiuma kwa nguvu, klipu hufunguka, uzito hubaki kwenye waya wake, na mvuvi hubaki na samaki peke yake.

Klipu hiyo basi inatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Ishike dhidi ya mvuto wa maji, mawimbi, kona za boti na ukinzani wa chambo chenyewe. Kisha, kwa samaki tu, iachie.

Vifaa hivi vilienea sana kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini baada ya jimbo la Michigan kuachilia samoni wa Pasifiki majini mwaka 1966, kwa mpango ulioongozwa na Howard Tanner na Wayne Tody. Samoni hawakuwa wenyeji wa maziwa yale, na kiangazi walizama kufuata maji baridi, kwa hiyo wavuvi walilazimika kujifunza kuvua kwa vina walivyopima. Ziwa Viktoria nalo lilipata mgeni wake: mbuta aliingizwa kutoka miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo ndiye anayewaleta wavuvi wa burudani Rusinga na Mfangano. Kina cha wastani cha ziwa hilo ni mita 40 hivi. Misimu ambayo maji hayachanganyiki, tabaka la chini hukosa hewa ya kutosha, na samaki hukaa juu ya tabaka hilo. Ukipitisha chambo chini yake unavua mahali pasipo na samaki. Kina kinahitaji kuwa sahihi, na klipu ndiyo inayokishikilia chambo kwenye kina hicho.

Maandalizi niliyafanyia Machakos mjini. Nilikuwa tayari na klipu za kigeni za aina inayotumika zaidi, ile ya pedi mbili za mpira zinazobanwa na springi, mshipi ukipita katikati. Nilitaka kuzilinganisha na vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipata hapa. Soko la Marikiti lina kila kitu ukijua unachotafuta. Nilinunua vibanio vya kuanikia nguo, vya mbao na vya plastiki. Nilinunua mipira ya kufungia noti, myembamba na minene, na fundo la uzi wa mkonge kwa mama aliyekuwa akisuka kiondo. Alipouliza ninakwenda kufunga nini, nikamwambia chuma cha kuvulia samaki. Alicheka, akanichagulia uzi uliosokotwa sawasawa na kuupitisha vidoleni mwake mara mbili kutafuta sehemu dhaifu. Fundi mmoja wa jua kali alinichomelea kipande cha nondo nene hadi kikafika kilo 4 na kukitilia jicho la kupitishia waya. Kwa fundi wa baiskeli nilipata blada kuukuu, nikakata vipande vidogo na kuvigundisha kwenye midomo ya vibanio ili visiukwaruze mshipi.

Chombo muhimu kuliko vyote kilikuwa mizani ya springi, ile ndogo ya ndoano anayotumia muuza nyama wa kijijini. Unabana mshipi kwenye klipu, unaufunga mshipi kwenye mizani, unavuta taratibu na kusoma namba wakati klipu inapoachia. Ningependa kila mvuvi awe nayo. Bila mizani, mtu husema klipu yake ni laini au ngumu, na maneno hayo hayamsaidii mwenzake hata kidogo.

Kwenye meza ya nyumbani mizani ilinifundisha mambo ambayo jicho lisingeona. Klipu ya pedi haina nguvu moja. Mshipi ukiwa ukingoni mwa pedi huachia kwa mvuto mdogo, ukisukumwa ndani karibu na springi hushika mara kadhaa zaidi. Kibanio cha nguo hufuata kanuni ileile, kwa kuwa kadiri mshipi unavyokaribia springi ndivyo mbano unavyozidi. Nilichora mistari miwili ya wino kwenye kila mdomo, mmoja wa kilo moja na mwingine wa kilo mbili, ili nikiwa majini mikono imelowa nijue pa kuuweka mshipi. Mshipi wa nailoni ulishikika vizuri. Mshipi wa kusokota, ambao ni mwembamba na unateleza, uliponyoka kwenye pedi kama uzi wa hariri. Dawa yake inajulikana kwa wanaourambazia: kunja kitanzi kidogo, kizungushe mara tano au sita kisokoteke, kisha ubane ule msokoto badala ya mshipi mtupu.

Safari yenyewe ilianza na matatu ya Kangundo, ikapanda kupitia Mutituni huku vilima vya Iveti vikiwa bado na ukungu. Kutoka Tala nilifuata barabara ya Donyo Sabuk hadi barabara kuu ya Thika–Garissa, kisha Kithimani na Matuu. Nilikipakata kile chuma ndani ya kiondo, maana kondakta alikataa kukiweka juu ya mizigo ya watu, na alikuwa na haki. Matuu ni mji wa maembe na nyanya, na kijani chake kinatokana na mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa Mau Mau. Kila nipitapo hapo huutazama mfereji huo kwa heshima. Watu waliofungwa kwa kudai ardhi ndio walioileta riziki kwenye ardhi hii kavu, na wengi wanaokula maembe ya Matuu hawaambiwi. Kutoka Kangonde barabara inageuka kaskazini, joto linaongezeka, migunga inachukua nafasi ya maembe, na baada ya muda unaliona bwawa.

Masinga ni kubwa kuliko mgeni anavyotarajia. Likijaa hufunika kilomita za mraba zipatazo 120, na ndilo bwawa la juu kabisa katika mfululizo wa mabwawa ya umeme ya Mto Tana, juu ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Lilikamilika mwaka 1981 kazi yake kubwa ikiwa kuyahifadhi maji ya mvua na kuyaachia mabwawa ya chini wakati wa kiangazi. Kimo cha maji hupanda na kushuka sana: katika ukame wa 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa kukosa maji, na katika masika ya 2024 bwawa lilifurika. Maji ni ya rangi ya udongo, kwa kuwa mito inayolilisha hushuka na tope la mashamba ya Mlima Kenya na Aberdare. Humo wamo perege, kambare na kapi, wamo pia mamba na viboko. Mbuta hayumo. Nilichokifuata Masinga ni maji mapana, upepo, na sakafu ngumu kuisoma.

Mzee aliyekubali kunichukua kwa mashua yake ya makasia alinitazama nikifunga gurudumu ubavuni, akaninyamazia hadi nilipotoa kile chuma.

"Mwanangu, hicho kitabaki huku," alisema.

"Kwa nini, mzee?"

"Chini ni msitu."

Alikuwa kijana maji yalipopanda. Alinionyesha kwa kasia: pale palikuwa na mkuyu mkubwa, pale shamba la mtama la baba yake mdogo, na kule, sambamba na ule mwamba mweupe, mto wa zamani ulipita. Miti mingi haikukatwa kabla ya maji kufika. Ilikufa imesimama, na visiki vyake bado viko. Nyavu za watu hunasa huko na hazirudi. Chuma cha kilo 4 kikipita mita 10 chini katikati ya visiki kitashika tu, na chuma kikishika kwenye waya imara uliofungwa ubavuni, kinachofuata ni mashua kuinama upande huo.

Nilimwonyesha uzi wa mkonge. Aliupima kwa mikono, akakata kipande kifupi na kuufungia uzito kwenye waya kwa kipande hicho badala ya pete ya chuma. Kinabeba kilo 4 bila taabu, lakini kikivutwa na mashua nzima hukatika, na unachopoteza ni nondo ya fundi na kipande cha uzi. Miongozo mingi ya daunriga niliyowahi kuisoma inazungumzia klipu ya mshipi tu. Kwenye ziwa lililozamisha bonde, uzito nao unahitaji njia yake ya kuachia. Nadhani ushauri huo unafaa kwa bwawa lolote lililojengwa na binadamu, na hata kwa sehemu za Ziwa Viktoria zenye miamba na nyavu zilizotelekezwa.

Tulivaa maboya ya kuokolea, tukaanza kwa makasia kando ya mkondo wa mto wa zamani, ambako mzee alisema miti ni michache. Chambo kilikuwa minofu ya samaki mdogo iliyokatwa kwa urefu ili itikisike, maana katika maji yasiyoonekana kitu kambare hutumia ndevu na harufu kuliko macho.

Makasia yalileta tatizo ambalo sikuliona likitajwa popote. Injini huvuta mashua kwa mwendo mmoja. Makasia huivuta kwa mikupuo, na kila mkupuo huongeza mvuto kwenye mshipi kisha kuupunguza. Klipu niliyoiweka kwenye mstari wa kilo moja ilifunguka yenyewe tena na tena bila samaki yeyote. Silika ya kwanza ya mvuvi hapo ni kukaza. Mzee alinizuia: "Usikaze. Ngoja nipige kasia fupi." Akabadili mpigo, makasia yakaingia majini mara nyingi zaidi kwa nguvu kidogo kidogo, na klipu ileile ikashika. Tangu hapo naamini kwamba kabla ya kukaza klipu, mtu aangalie kwanza kinachoifungua. Mara nyingi ni kona kali, mwendo wa kasi, au tumbo la mshipi uliolegea kati ya fimbo na uzito.

Nilijaribu pia upande wa pili kwa makusudi, klipu ikiwa imebana sana, karibu na springi. Tulirambaza kimya kwa muda mrefu. Nilipopandisha uzito tulikuta kambare mdogo kwenye ndoano, amechoka kabisa. Alikuwa ameburutwa muda wote huo, na hakuwa na nguvu ya kuifungua klipu. Fimbo haikusema kitu zaidi ya kutetemeka, na katika upepo ule kila fimbo hutetemeka. Hasara ni tatu kwa mpigo: samaki ambaye ungemrudisha anakufa, chambo chako kimefunikwa na samaki na hakiwezi kuvua mwingine, na wewe unaendelea kuamini kwamba eneo lile ni tupu. Wanaorambaza maziwa makubwa kwa mishipi mingi huweza kupoteza asubuhi nzima hivyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri unaotolewa mara kwa mara, kwamba klipu ichaguliwe kwa kumfikiria samaki mkubwa unayemwota. Samaki mkubwa atafungua klipu yoyote. Klipu ichaguliwe kwa kumfikiria samaki mdogo kuliko wote ambaye ungependa kujua kwamba ameuma. Anza na mbano hafifu, ongeza kidogo hadi klipu iache kufunguka kwenye mwendo na kona zako za kawaida, kisha simama hapo. Na mbano huo uwe chini sana ya nguvu ya mshipi wenyewe. Mshipi wa kilo 8 kwenye klipu inayoshika kilo 6 ni mshipi uliobakiziwa nafasi ndogo mno siku mbuta wa kilo 40 atakapogeuza kichwa.

Namna samaki anavyouma nayo ina uzito wake. Kambare huchukua, hutafuna, hung'ang'ania. Kwake klipu hafifu inafaa, na fimbo iinamishwe vizuri ili mshipi ukiachia ncha iruke na kuondoa ulegevu. Mbuta hufyonza chambo kwa ghafla na kugeuka. Kwake baadhi ya wavuvi hupenda klipu ngumu kidogo, kwa sababu ule mvuto wa kwanza dhidi ya klipu ndio unaoizamisha ndoano kwenye mdomo mgumu. Hoja hiyo naikubali, mradi ndoano ziwe kali. Ndoano butu haziokolewi na klipu yoyote.

Kuhusu mipira ya noti, niliipenda kuliko nilivyotarajia. Unaifunga kwenye mshipi kwa kitanzi, unaning'iniza upande wa pili kwenye ndoano ya waya. Samaki akiuma inakatika, na mkato huo haufichiki, fimbo inaruka kama upinde. Unene wa mpira ndio kipimo chako. Ila jua la Masinga liliigeuza iliyokuwa wazi juu ya ubao kuwa mikavu kabla ya mchana kwisha, na mpira ulioanza kukauka hukatika kwa mvuto wowote. Itunzwe ndani ya chupa yenye kifuniko, kivulini. Pia kipande kinachobaki kwenye mshipi kiondolewe kabla hakijaingia kwenye rili, na vipande vyote virudi nchi kavu.

Vibanio vya plastiki nilivikataa upesi. Vya mbao, vikiwa na blada mdomoni, vilifanya kazi ya heshima. Udhaifu wao ni springi, ambayo hushika kutu, na mbao ambazo huvimba zikikaa majini, hivyo mistari yangu ya wino ilianza kusema uongo kufikia alasiri. Mizani ilinionyesha hivyo nilipovipima tena ufukweni. Kwa mtu anayevua mara chache, au kijana anayeanza bila fedha za kuagizia vifaa, kibanio cha mbao kilichopimwa asubuhi hiyohiyo ni bora kuliko klipu ya kigeni isiyowahi kupimwa.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kina. Waya haushuki wima. Maji huusukuma nyuma, na pembe hiyo huongezeka na mwendo. Waya ukiinama nyuzi 30 kutoka wima, mita 10 za waya zinakupa kina cha mita 8.7 tu, na ukiinama nyuzi 45 ni mita 7 na kidogo. Nilifunga nyuzi za rangi kila mita moja ya waya, na mzee alipoelewa hesabu hiyo alianza kuitumia kwa ajili ya visiki vyake: akiona waya umelala alipunguza kasia na kuniambia nipandishe kabla uzito haujazama. Mara moja tu tulikwama, karibu na pale alipouonyesha mkuyu. Mkonge ulikatika, waya ukarudi mtupu, na mashua haikuyumba hata kidogo.

Alasiri tulipata kambare wa haja kwenye klipu ya pedi, mshipi ukiwa kwenye mstari wa kilo moja. Ncha ya fimbo iliinuka waziwazi, nikazungusha rili hadi ulegevu ukaisha, na kutoka hapo hapakuwa na chuma wala waya kati yetu. Alinivuta chini ya mashua na kurudi, akakaa kwenye tope kwa muda, mwishowe akakubali wavu. Mzee ndiye aliyemchukua.

Kwa Mfangano nimepanga hivi. Klipu za pedi zitaanzia kilo mbili kwa mshipi wa kilo 15, kwa sababu chambo bandia kikubwa kinachotikisika kina ukinzani mwingi na boti ya huko ina injini. Mipira minene itakaa akiba ndani ya chupa. Pedi nitabadilisha zikianza kung'aa, maana mpira unaong'aa umepoteza ushikaji. Mizani itakuwa mfukoni mwangu, na kila klipu itapimwa tena ikiwa imelowa. Vibanio vya mbao nilimwachia mzee, aliyesema atavitumia kwenye mishipi yake ya mkono anaporambaza jioni. Aliniagiza nikirudi nimletee nondo mbili za kilo 3 kutoka kwa yule fundi, zikiwa na matundu mapana zaidi ya kupitishia mkonge.